Kuvaa Hofu ya Koplo Kombo

Siku Gaitani Ngole alipoondoka duniani, mama mkwe wake alikuwa amempa mgongo.

Hakuwa amemkasirikia. Ndivyo ilivyotakiwa. Katika mji wa Ulembo, kule juu ambako ukungu hushuka kila alasiri na kulala barabarani, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Akimwona anakuja hutoka njiani, huinama, hujifunika, hadi mama mkwe apite. Na mama mkwe naye hugeukia ukuta au kichaka ili kumpa nafasi. Mabasi yalikuwa yameshaanza kujiendesha yenyewe, na chai ilichumwa na mashine zenye miguu kama ya buibui, lakini jambo hili lilikuwa palepale na hakuna aliyeliona la ajabu. Humalizika mtoto wa kwanza anapozaliwa. Mkwe huleta kuku, mama mkwe humpokea, na kuanzia hapo wanasalimiana kama watu wengine. Melania, binti pekee wa Adelfina Mligo, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kwa hiyo, katika miaka yote ya ndoa ile, Adelfina hakuwahi kuuona uso wa Gaitani. Siku ya harusi alitazama viatu vyake. Picha zilizotundikwa sebuleni kwa Melania ziligeuzwa kila mama alipokuja kutembea. Alichokijua ni koti la kijani lenye kofia, kikohozi cha hodi, na kazi za mikono yake. Bomba lililokuwa likivuja liliacha kuvuja. Kuni zilikutwa zimepasuliwa na kupangwa nyuma ya jiko wakati yeye yuko kanisani. Aliwahi kumtuma Melania, "Mwambie mumeo kuni zimezidi, mimi sifungui tanuri la mikate." Kesho yake akakuta zimeongezwa. Akacheka peke yake pale jikoni, na nyuma ya ukuta akasikia mtu mwingine naye akicheka, kisha hatua zikikimbia.

Ijumaa ile polisi walikuwa wameweka kizuizi njia panda ya soko. Ghala la betri la kiwanda cha chai lilikuwa limevunjwa, mlinzi akapigwa risasi, na ilisemekana mwizi bado yuko mjini. Adelfina alikuwa anatoka sokoni na kapu la vitunguu. Mbele yake alimwona askari kwa mgongo, amesimama katikati ya barabara, na mbele ya askari, ndani ya ukungu, koti la kijani likija. Koti likasimama. Likatoka njiani likainama kando ya magunia ya viazi.

Adelfina akageukia ukuta wa ghala la viazi, kama siku zote, akangoja.

Alisikia, "Simama! Mikono juu! Nasema simama!" Akadhani anaambiwa mtu mwingine. Kisha vikaja vishindo viwili. Akadhani ni transfoma, maana transfoma ya pale ilikuwa na tabia hiyo wakati wa baridi. Aliendelea kuutazama ukuta, akisubiri mkwe wake apite.

"Mama Melania, geuka!" mwanamke mmoja muuza viazi alipiga kelele. "Geuka, mama, ni mkweo!"

Hakuweza. Alivua kitenge alichojitanda mabegani, akaenda kinyumenyume, taratibu, macho yake yakiwa kwenye ukuta ule ule, hadi kisigino chake kilipogusa kiatu. Akakirusha kitenge nyuma yake. Mikono yake ilipapasa, ikakinyoosha mpaka kikamfunika. Ndivyo alivyomsitiri, bila kumtazama, na Ulembo walilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu.

*

Wakili wa Serikali, Elikana Tweve, alifika kabla matanga hayajaanuliwa. Alikuwa mtu wa huko huko milimani. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani na wanaume, akala ugali wa msiba na maharage, na aliponawa mikono ndipo akaomba asikilizwe na wenye msiba.

"Poleni sana," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya shauri la marehemu. Kila askari mwenye silaha huvaa utepe kwenye paji la uso. Mmeuona, ni mwembamba kama ukindu. Unanasa anachokiona na anachokisikia. Halafu unanasa mwili wake. Moyo unavyokwenda, koo linavyokauka, misuli inavyokaza. Mawazo haunasi. Mwili tu."

"Tunajua, baba," Melania alisema. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono juu ya tumbo. "Endelea."

"Zamani, askari akiua, watu walibishana miaka. Je, aliogopa kweli au anasingizia? Sasa sheria inasema mmoja wa wafiwa auvae utepe ule. Mwili wake utapitia alichopitia askari. Kisha anaulizwa swali moja. Ungekuwa wewe, ungefyatua?"

"Akisema hapana?"

"Askari anashtakiwa."

"Akisema ndiyo?"

Tweve alitazama vidole vyake vilivyokuwa bado na maji. "Jalada linafungwa."

"Na tangu muanze, hapa mkoani kwetu, wangapi wamesema hapana?"

"Bado hajatokea."

"Hajatokea!" Melania alicheka kicheko kibaya. "Yaani wafiwa wote wa mkoa mzima wameketi kwenye kiti chenu, wakaamka wakasema muuaji ana haki?"

"Wengine walitaka kusema hapana, mwanangu. Lakini kiti kina kitufe cha mpira, mtu huweka kidole hapo. Kidole kikibonyeza, hapana yake haihesabiwi. Na kidole hubonyeza." Alisita. "Mzee mmoja wa kule bondeni alikuja kidole kimefungwa bandeji, akasema kimeumia. Tukamngoja mpaka kikapona."

Wanaume mkekani walicheka kidogo, kicheko cha msibani.

Melania asingeweza kuvaa, kwa kuwa mwenye mimba haruhusiwi. Gaitani alikuwa amelelewa misheni na hakuwa na ndugu anayejulikana. Macho ya watu yakamgeukia Adelfina, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa pili wa pazia.

"Mimi ni mkwe wake," alisema kutoka kule nyuma. "Nikivaa, nitamwona."

"Utamwona, mama," Tweve alisema. Kwa kuwa alikuwa mtu wa huko, alielewa alichoambiwa. Akainamisha kichwa. "Ndiyo. Utamwona."

*

Asubuhi iliyofuata mama na mwana walikuwa jikoni wakichambua maharage.

"Aibu ya mkwe imekwisha, mama. Amekufa."

"Aibu haiishi kwa kufa. Inaisha kwa kuku."

"Basi nitakuletea kuku mimi."

"Usinichekeshe, Melania."

"Sikuchekeshi." Melania alirusha punje mbovu mlangoni kwa nguvu. "Nenda ukamtazame. Mtazame vizuri, maana mimi nimeanza kuisahau sauti yake na hata mwezi haujaisha. Halafu ukiulizwa, sema hapana. Neno moja tu, mama. Hapana."

"Na kidole?"

"Kikalie."

Maharage yalikuwa yamekwisha zamani, lakini mikono ya Adelfina iliendelea kuyapekua.

"Kuna kitu hukisemi," Melania alisema.

"Alitoka njiani kwa ajili yangu."

"Najua."

"Ningepita njia ya juu siku ile, asingeinama. Angetembea moja kwa moja, angesema hamjambo, askari angemtazama usoni, yangeisha."

"Mama." Melania alimshika kifundo cha mkono. "Hukushika bunduki wewe. Usije ukakaa kwenye kile kiti ukajihukumu wewe badala ya yule mwanamume."

*

Chumba cha kuvalia kilikuwa nyuma ya mahakama, na kilinukia sabuni. Fundi aliyekiendesha aliitwa Bahija, msichana mwenye sauti ya chini na mikono yenye joto.

"Mama, ukitaka kutapika, ndoo iko upande wako wa kulia. Usione haya, wote hutapika." Alimfunga utepe, akaulegeza, akaufunga tena. "Na nikwambie ukweli kabla sijawasha. Hofu hii ukishaivaa haitoki yote. Itabaki kidogo mwilini."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama moshi unavyobaki kwenye nguo. Kuna wanaoshtuka hata baada ya miaka. Unaruhusiwa kukataa."

"Nikikataa?"

"Jalada linafungwa."

"Washa, mwanangu."

Kwanza ilikuja baridi. Soksi zilizolowa. Njaa ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi, na mkanda mzito ulioumiza nyonga. Adelfina alishangaa jinsi mwili wa kijana ulivyo mwepesi, hata ukiwa umechoka. Sikioni redio ilikuwa ikisema mtuhumiwa ana silaha, koti la rangi ya giza, ameshapiga mtu mmoja. Moyo ambao haukuwa wake ulianza kwenda mbio. Ukungu ulikuwa umefunga kila upande, na ndani ya ukungu hatua zilikuwa zinakuja.

Mtu akatokea.

Alikuwa kijana kuliko alivyomdhania. Paji pana, nyusi moja imekatwa na kovu la zamani, na mashavu yaliyokuwa tayari kucheka, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Alikuwa anatafuna kipande cha muwa. Adelfina, ndani kabisa ya mwili wa mtu mwingine, aliutazama uso ule kwa pupa. Ndiye huyu, alijiambia. Ndiye aliyekuwa akikimbia na kicheko chake nyuma ya jiko langu.

Kisha macho ya Gaitani yakapita juu ya bega la askari, yakaona kitu, na uso wote ukabadilika. Heshima, ukiitazama kwa mbali na kwenye ukungu, inafanana sana na hofu ya mtu aliyefumaniwa. Akautupa muwa. Akatoka njiani. Akainama kando ya magunia, na mkono wake ukaingia ndani ya koti, kulivuta juu, afunike uso.

Nywele za shingoni zikasimama. Ameona nani nyuma yangu? Mwili wa askari haukuwa na maneno hayo, lakini kila msuli uliyauliza. Kuna mtu nyuma yangu. Wako wawili. Na Adelfina alimjua aliyekuwa nyuma. Ni yeye mwenyewe, na kapu la vitunguu. Alitaka kupiga kelele, ni mimi, ni mimi mkwe wake, usiogope, lakini kinywa hakikuwa chake, na kinywa kile kilikuwa kinapayuka simama, mikono juu, nasema simama.

Shingo ilitaka kugeuka. Alilisikia jambo hilo waziwazi. Msuli mmoja upande wa kushoto ulivuta, ukataka kutazama nyuma, mara moja tu. Askari aliuzuia. Alikuwa amefundishwa asiondoe macho.

Mkono ndani ya koti ukavuta.

Mwili wote wa Adelfina ulikuwa sasa kitu kimoja, na kitu hicho kilitaka kuishi. Kidole kikabonyeza.

*

Bahija alimshikia ndoo, akamfuta uso kwa kitambaa, akamshonea kwa haraka kifungo cha blauzi kilichokatika. Taa ndogo kwenye mkono wa kiti ilikuwa nyekundu. Wote watatu waliiona. Tweve alikuwa ameketi mbele yake, na alionekana amezeeka kuliko siku ile ya msiba.

"Pumzika kwanza, mama."

"Uliza."

"Ungekuwa wewe, ungefyatua?"

Adelfina aliitazama taa. Alimfikiria Melania aliyekuwa nje kwenye benchi, akisubiri neno moja. Neno hilo lilikuwa kinywani, jepesi, na lilikuwa la uongo.

"Ndiyo," alisema. "Ningefyatua."

Tweve alifumba macho. Alianza kukusanya vitu vyake.

"Sijamaliza," Adelfina alisema.

"Mama, sheria inauliza ndiyo au hapana."

"Nimekupa ndiyo yako. Sasa nisikilize kama ulivyoomba usikilizwe kwangu na ukasikilizwa. Yule kijana aliogopa. Hasingizii. Nimeivaa hofu yake, nitalala nayo, fundi ameniambia. Mwili ule usingefanya kitu kingine. Na mimi ningekuwa yeye, ningemuua Gaitani." Alilitaja jina la mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani, na likamkwama kidogo. "Na nikishamuua, ningestahili kusimamishwa mbele ya hakimu niulizwe kwa nini. Kwa nini sikugeuza shingo. Kwa nini nilipewa bunduki nikapelekwa kwenye mji ambao sijui watu wake wanaheshimiana vipi. Ningeogopa kweli, na ningeshtakiwa kwa haki. Vyote viwili. Kwani hofu yangu ikiwa ya kweli, yule aliyelala chini anakuwa si wa kweli?"

Mashine nyuma ya kiti ilikuwa inapoa, ikitoa sauti ndogo kama chungu kilichoepuliwa.

"Nyinyi mnauliza kama ningefanya," Adelfina aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hamuulizi kama ingekuwa sawa."

Tweve aliviweka chini vitu vyake. Kisha akamuuliza jambo ambalo halikuwamo katika sheria.

"Alipotoka njiani, ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi."

"Mimi mwenyewe niliwahi kuingia mtaroni na suti," alisema. "Mama mkwe wangu alikuwa anatoka hospitali. Maji mpaka magotini. Mke wangu alinicheka mwaka mzima." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Ingekuwa ni mimi siku ile, ningeinama vilevile."

Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi.

"Sheria inasema jibu la mfiwa lizingatiwe. Lizingatiwe, basi. Kufunga jalada kwa sababu ya ndiyo ni mazoea yetu, na mazoea hayo yametufaa, kwa sababu hakuna anayepaswa kuamua kitu. Mashine imeamua, mfiwa ameamua, sisi tunakwenda kula. Nikipeleka shauri hili, watanihamisha, mama. Watanipeleka mahali penye joto."

"Utazoea," Adelfina alisema.

Bahija alicheka, akajiziba mdomo.

"Kuua bila kukusudia," Tweve alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Siwezi kusema alikusudia. Nawe huwezi."

"Siwezi. Nilikuwa ndani. Hakukusudia."

*

Melania alipoambiwa yote, jibu na mashtaka, hakulia wala hakushukuru. Alisema, "Ulimpa ndiyo," na kwa siku kadhaa alimpikia mama yake, akamtengea na kumwondolea vyombo, bila kuongea naye zaidi ya ilivyolazimu. Siku moja akauliza, akiwa amesimama mlangoni na ufagio, "Alikuwa anatafuna nini?" Adelfina akamwambia ni muwa. Melania akaketi pale pale kizingitini. "Nilimkataza muwa, jino lake bovu," alisema, akauficha uso kwenye viganja.

Adelfina alikutana na Koplo Kombo, yule askari aliyefyatua, kwenye ujia wa mahakama, siku mashtaka yaliposomwa. Alikuwa kijana mwembamba, amevaa shati la kiraia lililomzidi, kati ya askari wawili waliokuwa jana wenzake. Alipomwona yule mwanamke aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, kwa sababu kinywa kilikwisha kuzoea kujibu.

"Wameniambia ulivaa."

"Nilivaa."

"Basi unajua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, wewe peke yako ndiye unayejua. Hata mke wangu nikimweleza anasema nimeelewa, hajaelewa. Wewe unajua ilivyokuwa."

"Najua. Soksi zilikuwa zimelowa."

Kijana alitoa sauti ndogo, si kicheko wala kilio.

"Ulitaka kugeuka," Adelfina alisema. "Shingo ilivuta."

"Ilivuta."

"Aliyekuwa nyuma yako ni mimi. Nilikuwa nimebeba vitunguu."

Askari mmoja alimgusa Kombo kiwiko kumwambia waende, naye hakwenda.

"Kama unajua, mbona umetaka nishtakiwe?"

"Kwa sababu najua," Adelfina alisema. "Angekuwa mtu asiyejua, ungesema amekuonea."

Wakampeleka. Alipokuwa anapita, kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka, akainama ghafla kuifunga, na mwili wa Adelfina ukaruka nyuma mpaka ukagonga ukuta, moyo ukienda mbio, kidole cha mkono wa kulia kikikunja chenyewe. Hakuna aliyeona ila Melania, ambaye alikuja akamshika mkono ule akaukunjua, kidole kimoja kimoja.

*

Elikana Tweve amehamishwa, na shauri amelirithi wakili mwingine, mwanamke kijana ambaye bado analisoma. Mawakili wa Koplo Kombo wamepinga maelezo ya Adelfina. Wanasema yalitolewa nje ya swali, na kwamba mtu aliyesema ndiyo hawezi kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Jaji amezisikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba atamsikiliza mama huyo mwenyewe, mahakamani, kwa masharti ya sheria. Koplo yuko rumande. Kesi itaanza mvua zikikatika, barabara ya mkoani ikipitika.

Shahidi wa kwanza ni Adelfina Mligo. Sheria inataka anayetoa ushahidi wa utepe auvae upya mbele ya jaji, kabla ya kusema neno lolote, kwa hiyo atauvaa tena.